Mlinganyo Hauanzi na Hesabu

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu ameandika H₂ + O₂ → H₂O. Anahesabu: kushoto kuna atomu mbili za haidrojeni na mbili za oksijeni, kulia kuna mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni. Kulia pamepungua, na dawa ya kupungua ni kuongeza. Anachomeka 2 ndogo chini ya O, mlinganyo unakuwa H₂ + O₂ → H₂O₂, anahesabu upya na safari hii pande zote mbili zinakubali. Daftari linarudi na alama nyekundu ya kosa, mara nyingi bila neno lolote pembeni.

Kwa hesabu tupu, mtoto huyu yuko sahihi. Alichofanya ni kubadili kitu. H₂O ni maji. H₂O₂ ni haidrojeni peroksaidi, ile inayouzwa duka la dawa kwa kusafishia vidonda na inayotumiwa saluni kupausha nywele, na ambayo ikiwa kali huunguza ngozi. Swali lilisema haidrojeni imeungua yakatoka maji; yeye amejibu kwamba kimetoka kitu kingine kabisa. Hesabu haiwezi kumwonyesha tofauti hiyo. Anaiona yule tu ambaye akitazama H₂O anayaona maji.

Hoja yangu ni kwamba makosa mengi tunayoyaita makosa ya kusawazisha hutokea kabla ya kusawazisha kuanza. Hutokea kwenye fomula, na kwenye maana ya namba mbili zinazofanana sura huku kila moja ikiwa na kazi yake. Mbinu tunazowapa wanafunzi ili wapate alama huyafunika makosa hayo, yakaja kufumuka mbele, kwenye moli na kwenye titresheni, ambako hakuna tena muda wa kurudi nyuma.

Namba ndogo iliyo chini ya alama ni sehemu ya kitu chenyewe. Imewekwa na maumbile, wanakemia wameikuta. Namba kubwa ya mbele ni idadi: inaeleza molekuli ngapi zimeingia au zimetoka. Anayesawazisha anaruhusiwa kupanga namba za mbele peke yake. Kila mwalimu huitamka kanuni hii na kila mwanafunzi huiandika, kisha wiki hiyo hiyo huivunja, kwa sababu ameipokea kama amri isiyo na sababu.

Sababu inaweza kuonyeshwa kwa mkaa. Mkaa ukiungua penye hewa ya kutosha, tunaandika C + O₂ → CO₂. Ukiungua penye hewa haba, inakuwa 2C + O₂ → 2CO. Kaboni dayoksaidi tunaitoa kila tunapopumua. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu kuliko oksijeni, na ndiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Basi mwanafunzi aliyepewa C + O₂ → CO, akaongeza 2 ndogo mwishoni ili hesabu ikae sawa, ameifuta sumu karatasini na kuweka hewa tunayoitoa puani. Darasa lililoelezwa hivyo halina haja ya kukaririshwa kwamba namba ndogo haiguswi.

Kwenye fomula yenyewe ndiko uliko mzizi. Katika mtaala uliotumika Tanzania kwa miaka mingi, mada ya fomula na valensi ilikaa mwishoni mwa Kidato cha Pili, na mada ya milinganyo ikafungua Kidato cha Tatu. Lakini mwanzoni mwa hicho hicho Kidato cha Pili mwanafunzi alikuwa amekwisha kutengeneza oksijeni na haidrojeni maabara, na mwalimu alilazimika kuandika ubaoni Zn + 2HCl → ZnCl₂ + H₂. Ile 2 ya mbele ya HCl na ile 2 ya chini ya Cl zilionekana kwa mara ya kwanza mbele ya watoto ambao hawakuwa bado na njia ya kujua zimetoka wapi. Wakazinakili. Mtu akinakili kitu asichokielewa kwa miezi kadhaa, siku ya kuelezwa huwa ameshajitungia maelezo yake, na maelezo hayo ni magumu kuyang'oa.

Angalia Na + Cl₂ → NaCl₂. Huu ni mlinganyo uliosawazika bila jasho: sodiamu moja kwa moja, klorini mbili kwa mbili. Ni uongo mtupu, kwa sababu chumvi ni NaCl. Aliyejua fomula ya kweli anajikuta na kazi ya ziada, 2Na + Cl₂ → 2NaCl, ilhali aliyekosea fomula amemaliza mapema na ameridhika. Kwa hiyo kuwaambia wanafunzi wahakikishe kwamba pande zinalingana hakuwalindi na kosa la fomula. Mara nyingi fomula mbovu husawazika upesi kuliko iliyo sahihi.

Zipo sehemu nne au tano ambako fomula hukosewa zaidi, na mwalimu aliyesahihisha madaftari kwa muda anazijua bila kuambiwa. Ya kwanza ni kupishanisha valensi bila kurahisisha, magnesiamu oksaidi ikaandikwa Mg₂O₂. Ya pili ni mabano. Katika Al₂(SO₄)₃ zimo atomu 2 za aluminiamu, 3 za salfa na 12 za oksijeni, lakini mtoto huhesabu oksijeni 4, au 7 akijumlisha badala ya kuzidisha. Kisha kuna metali zenye valensi zaidi ya moja. Chuma kikikutana na gesi ya klorini hutoa FeCl₃, kikikutana na asidi ya haidrokloriki hutoa FeCl₂, na hakuna hesabu yoyote inayoweza kumwambia mwanafunzi ni ipi kati ya hizo. Anatakiwa ajue, au aambiwe. Mtahini anayeandika jina la chuma kloraidi bila kutaja valensi anapima bahati.

Sehemu iliyobaki ndiyo ngumu kuliko zote, na tunaipita mbio. Kwa nini oksijeni iandikwe O₂? Alama ya oksijeni kwenye jedwali ni O. Kaboni inaandikwa C, zinki inaandikwa Zn, salfa kwa kawaida S. Ghafla oksijeni, haidrojeni, naitrojeni, klorini na wenzao wachache wanapewa 2, na maelezo yanayotolewa huwa ni kwamba gesi hizi hutembea mbili mbili. Mwanafunzi anayeikubali kauli hiyo bila kuuliza ana adabu. Anayeuliza ana akili, na anastahili jibu.

Kwanza aelewe maana yake kwa kitu anachokijua. Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili ambavyo havijakatwa, na mwenye duka hakuuzii kipande kimoja. Watu wawili wanaohitaji kipande kimoja kila mtu hununua doti moja wakagawana. Kila molekuli ya maji inahitaji oksijeni moja, nayo oksijeni ya hewani imeshikana mbili mbili, kwa hiyo hatuwezi kutengeneza molekuli moja ya maji peke yake. Tunatengeneza mbili kwa mpigo. Molekuli mbili za maji zinataka atomu nne za haidrojeni, yaani jozi mbili. Ndipo tunapata 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Hapa kila namba ina sababu, na hakuna iliyobahatishwa.

Lakini swali la awali limebaki: nani alijua kwamba zimeshikana mbili mbili? Mwaka 1808 John Dalton wa Uingereza alipochapisha kitabu chake kuhusu atomu, aliamini molekuli ya maji ni haidrojeni moja na oksijeni moja, HO. Hakuwa na ushahidi wa zaidi ya hapo. Alichagua lililo rahisi. Mwaka huo huo Joseph Louis Gay-Lussac wa Ufaransa alionyesha kwamba ujazo mbili wa haidrojeni huungana na ujazo mmoja wa oksijeni na kutoa ujazo mbili wa mvuke wa maji. Hapo pana kitendawili. Kama ujazo mmoja wa oksijeni umetoa ujazo mbili wa mvuke, na kila chembe ya mvuke ina oksijeni ndani yake, basi kila chembe ya oksijeni lazima ilipasuka vipande viwili. Dalton alisema atomu haipasuki, akakataa. Mwaka 1811 Amedeo Avogadro wa Italia alifumbua: kilichopasuka ni molekuli, si atomu, na molekuli ya oksijeni ina atomu mbili. Alisema pia kwamba gesi zenye ujazo sawa, joto sawa na mgandamizo sawa zina idadi sawa ya molekuli.

Hakusikilizwa. Jöns Jacob Berzelius wa Sweden, aliyetupatia alama za herufi tunazotumia hadi leo, hakuweza kukubali kwamba atomu mbili za aina moja zishikane, kwa kuwa aliamini kinachoziunganisha atomu ni chaji zinazopingana. Ilipita karibu nusu karne. Mwaka 1860 wanakemia zaidi ya mia moja walikutana Karlsruhe, Ujerumani, kwa sababu kila mmoja aliandika fomula kwa namna yake na hawakuelewana tena. Hapo ndipo Stanislao Cannizzaro aliporudisha hoja ya Avogadro mezani, na katika miaka iliyofuata dunia ikaikubali. Jambo lililowagawa mabingwa wa Ulaya kwa miaka 49 tunalitarajia liingie kichwani mwa mtoto wa miaka 16 katika kipindi cha dakika 40. Asipoelewa, tusimwite mzito.

Na kipo cha kumwonyesha. Betri ya volti 9, penseli mbili zilizochongwa pande zote, maji yenye magadi kidogo, na mirija miwili ya kukingia gesi: kwenye mrija wa upande hasi gesi itakusanyika mara mbili ya upande chanya, au zaidi kidogo, maana sehemu ya oksijeni huyeyuka na nyingine hula ile kaboni ya penseli. Mwalimu atumie magadi na aiache chumvi ya mezani, kwa sababu chumvi itatoa klorini, ambayo ni gesi ya sumu. Mbili kwa moja inaonekana kwa macho. Gay-Lussac mwenyewe alianzia kwenye ujazo wa gesi, na ujazo unapimika kwa rula.

Tuje kwenye msingi ambao kazi yote ya kusawazisha imesimama juu yake: maada haipotei wala haizuki katika mmenyuko wa kemikali. Vitabu huiandika sentensi hii kwa herufi nzito na kuendelea. Lakini jikoni inaonekana kinyume. Gunia la mkaa huungua likabaki jivu la kujaza kopo. Mshumaa unakwisha. Chuma kilichopata kutu kinaonekana kama kimeliwa, ilhali ukipima kutu yote pamoja na chuma kilichobaki, uzito umeongezeka. Mtoto anayeambiwa kwamba kila kitu kipo pale pale, bila kuonyeshwa kilikokwenda, ana haki ya kutoamini, na wengi hawaamini, wanaandika tu.

Mwanakemia Antoine Lavoisier aliwashawishi wenzake kwa kufunga chombo na kupima. Katika kitabu chake cha mwaka 1789, akieleza jinsi juisi ya zabibu inavyochacha kuwa mvinyo, aliandika kwa maneno kile ambacho leo tunaweza kukiita mlinganyo: upande mmoja juisi, upande wa pili gesi ya kaboni na alkoholi, katikati alama ya usawa. Vipimo vyake vilikuwa na makosa, lakini wazo lilisimama, kwamba kinachoingia na kinachotoka lazima kipimwe kwa mizani moja. Sisi tungeandika C₆H₁₂O₆ → 2C₂H₅OH + 2CO₂, na mmenyuko huo huo unaendelea ndani ya pipa la mbege kule Kilimanjaro. Ile gesi inayotoa mapovu ni karibu nusu ya uzito wa sukari yote iliyochacha: katika kila gramu 180, gramu 88.

Mfano ninaoupenda kuliko wote kwa darasa la pwani ni chokaa. Mawe ya matumbawe, ambayo sehemu yake kubwa ni kalsiamu kaboneti, huchomwa kwenye tanuri hadi joto la nyuzi 900 hivi. CaCO₃ → CaO + CO₂. Kilo 100 za kalsiamu kaboneti safi hutoa kilo 56 za chokaa hai na kilo 44 za gesi inayopanda na moshi. Mchomaji anajua kwamba mawe yanatoka mepesi kuliko yalivyoingia, hata kama hajawahi kuona fomula. Kisha chokaa hai inamwagiwa maji, inachemka: CaO + H₂O → Ca(OH)₂, kilo 56 na kilo 18 zikawa 74. Chokaa hiyo ikipakwa ukutani, inaivuta tena ile gesi kutoka hewani taratibu: Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O. Imerudi kuwa jiwe. Kuta za Kilwa na za Mji Mkongwe Unguja zimeshikwa na mmenyuko huu.

Nimeichagua chokaa pia kwa sababu milinganyo yake mitatu haihitaji namba yoyote ya mbele. Vitabu vingi huanza na mifano inayohitaji namba, na mwanafunzi anajifunza kwamba mlinganyo usio na namba haujakamilika. Ukimpa ulio sawa tayari, atahangaika kuweka 2 mahali fulani. Aanze na iliyo sawa. Apime uzito, ajiridhishe kwamba 100 ni 56 na 44, ndipo apewe ule wa haidrojeni na oksijeni, aone mwenyewe kwamba huu umepinda.

Ufundi wa kusawazisha, ukishafika hapo, ni mfupi kuliko unavyodhaniwa. Anza na elementi inayoonekana katika kitu kimoja tu kila upande, acha haidrojeni na oksijeni mwisho, na kundi kama SO₄ au NO₃ likivuka bila kuvunjika lihesabu kama kitu kimoja. Chukua gesi ya kupikia, ambayo ni mchanganyiko wa butani na propani, tushike butani. C₄H₁₀ + O₂ → CO₂ + H₂O. Kaboni 4 zinadai 4CO₂, haidrojeni 10 zinadai 5H₂O. Oksijeni za kulia ni 8 na 5, jumla 13. Kumi na tatu haigawanyiki kwa mbili, na oksijeni inakuja kwa jozi, kwa hiyo zidisha vyote mara mbili: 2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O. Wengi hukata tamaa wakifika kwenye 13 wakidhani wamekosea njiani. Hawajakosea, wamefika mahali pa kuzidisha.

Na mlinganyo huu usiachwe ubaoni ukiwa umekufa. Mtungi wa kilo 6, tukiuchukulia kuwa ni butani tupu, hula karibu kilo 21.5 za oksijeni, ukatoa kilo 18.2 za kaboni dayoksaidi na kilo 9.3 za maji. Jumlisha pande zote: 27.5 kwa 27.5. Mwanafunzi ataelewa kwa nini sufuria baridi ikiwekwa juu ya moto wa gesi hutokwa jasho chini yake, na kwa nini jiko la gesi nalo linahitaji dirisha wazi.

Pale ambapo kutazama kunashindwa, aljebra ipo. Shaba na asidi ya naitriki iliyozimuliwa, Cu + HNO₃ → Cu(NO₃)₂ + NO + H₂O, humtesa mtu kwa kubahatisha. Weka herufi mbele ya kila kitu, andika sharti moja kwa kila elementi, tatua: 3, 8, 3, 2, 4. Mwanafunzi wa sekondari anazijua hesabu za namna hiyo kutoka somo la jirani, ila hakuna anayemwambia kwamba anaruhusiwa kuzileta maabara.

Sasa kuna jambo ambalo silioni likisemwa vya kutosha madarasani. Mlinganyo uliosawazika hauthibitishi kwamba kitu kimetokea. Cu + 2HCl → CuCl₂ + H₂ umekaa vizuri kabisa, lakini tumbukiza kipande cha shaba ndani ya asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa na usubiri mpaka jioni, hutaona povu. Milinganyo miwili ya mkaa niliyoitaja juu ina vitu vile vile kushoto na yote ni sahihi, na kinachoamua ni ipi itokee ni kiasi cha hewa. Upo hata mmenyuko ambao hesabu peke yake hutoa majibu mengi. Haidrojeni peroksaidi pamoja na potasiamu pamanganeti na asidi ya salfuriki husawazika kwa molekuli 5 za peroksaidi:

2KMnO₄ + 5H₂O₂ + 3H₂SO₄ → K₂SO₄ + 2MnSO₄ + 8H₂O + 5O₂

Lakini weka 1 badala ya 5, kisha kulia uandike maji 4 na oksijeni 3, nao unasawazika. Weka 7, maji 10 na oksijeni 6, nao pia. Atomu zote zimehesabiwa sawa katika yote mitatu, na wa 5 ndio pekee unaolingana na elektroni zinazohama kutoka peroksaidi kwenda kwenye manganizi. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kemia ni kuhesabu herufi hana namna ya kuchagua.

Watafiti wameliona hili siku nyingi. Mwaka 1985 W. L. Yarroch alichapisha utafiti alioufanya kwa kuwahoji wanafunzi wa sekondari wa Marekani mmoja mmoja. Wengi wao waliweza kusawazisha milinganyo rahisi. Alipowaomba wachore kile walichokiandika, sehemu kubwa walikwama: mbele ya 3H₂ walichora duara sita zilizoshikana mstari mmoja, kana kwamba ni molekuli moja ya haidrojeni sita. Walipata alama bila kuona chochote nyuma ya herufi. Alex Johnstone wa Chuo Kikuu cha Glasgow alieleza kwa nini somo hili linachosha akili changa: mwalimu anaruka kati ya kinachoonekana, chembe zisizoonekana na alama za ubaoni, ndani ya sentensi moja, wakati anayeanza hawezi kushika yote matatu kwa pamoja. Nakubaliana naye, na kwa darasa letu naongeza la nne. Mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili anapokea haya yote kwa Kiingereza, ambacho bado anakitafuta. Msamiati wa Kiswahili upo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Mwalimu anayeeleza maana ya namba ndogo na namba kubwa kwa Kiswahili, kisha akahamia Kiingereza cha mtihani, anafanya kazi yake ipasavyo na asijifiche.

Gharama ya kufunika makosa hulipwa maabara. Katika titresheni mwanafunzi ana sentimita za ujazo 25 za sodiamu kaboneti yenye ukolezi wa 0.05 M, na imetumika asidi ya haidrokloriki sentimita 25 hadi rangi ya kiashiria ibadilike. Mlinganyo ni Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂, moja kwa mbili, kwa hiyo asidi ni 0.1 M. Aliyeandika moja kwa moja, labda kwa kuamini sodiamu kaboneti ni NaCO₃, anapata 0.05 M. Mkono wake ulikuwa mtulivu, bureti aliisoma vizuri, hesabu ya kugawa ni safi, na jibu ni nusu ya ukweli. Kosa lina umri wa mwaka mzima. Nje ya shule, nusu ya kipimo katika dawa ya kutibu maji au mbolea ya shambani ni hasara ya kweli.

Naomba basi mambo mawili. Kwa walimu: kila mlinganyo wa miezi ya kwanza uambatane na mchoro wa chembe zake, na mwanafunzi aujenge kwa mikono kabla ya kuuandika. Vizibo vya soda vya rangi mbili au udongo wa mfinyanzi na njiti vinatosha, na darasa la watoto themanini linaweza kugawanywa makundi bila shilingi moja ya ziada. Itakula vipindi viwili au vitatu, vitakavyorudi vyote mada ya moli itakapofika.

Kwa watunga mitihani: swali la kusawazisha liulizwe pamoja na swali la kuchora. Mpe mtahiniwa N₂ + 3H₂ → 2NH₃ iliyokamilika, mwambie achore kilichopo kushoto na kilichopo kulia, na mpe alama kwa hilo. Walimu wetu hufundisha kile kinachotahiniwa, na hawana kosa, kwa kuwa wao pia wanapimwa kwa matokeo. Siku mchoro utakapokuwa na alama kwenye mtihani wa Kidato cha Nne, utaingia madaftarini nchi nzima muhula unaofuata.